Video ya Mama Mkubwa

Mwenzangu unayeishi na mama mkwe, watoto, mpwa anayengoja kazi na simu zilizojaa hadi hazina nafasi ya picha moja, wewe huhitaji maelezo mengi. Wengine sogeeni.

Kwetu Mudzipela, mama mkwe wangu anaitwa Prefe. Wajukuu ndio waliompa jina hilo, maana hakuna mkuu wa shule hapa Bunia anayekagua watu kama yeye: nani kala, nani hajaoga, nani kamaliza mega za intaneti. Ana dada yake huko Mahagi, na kwa hali ya barabara zetu kuonana si rahisi. Basi jioni moja shemeji yangu wa Kampala akaweka video kwenye stetasi yake ya WhatsApp: dada huyo, mama mkubwa wetu, akicheza harusini, kitenge kakaza kiunoni, kilemba kinaning'inia sikioni, wala hana habari nacho. Prefe akapiga vigelegele, jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Kisha ikatoka amri: "Hii isipotee."

Stetasi hufutika baada ya saa 24. Umeme wetu ni wa jua, betri ni moja, na ile siku kulikuwa na mawingu. Nyumba nzima ikageuka kamati.

Mke wangu akasema atarekodi skrini. Ni njia nzuri, maana haichagui sana: karibu chochote unachokiona, unacho. Simu za Android zimekuwa nayo ndani yake tangu toleo la 11, la mwaka 2020. Ila lazima uchague sauti itoke ndani ya simu. Ukiacha maikrofoni, inachukua kila kelele ya nyumbani. Tukapata mvua juu ya mabati, tukapata Prefe akiita chumvi, na katikati ya dansi jina la mjomba likatokea juu ya skrini, anapiga simu kuuliza kama tumeiona ile video.

  

Binti yangu Neema, sisi tunamwita Waziri wa TikTok, alitaka video iwekwe kwanza huko ndipo ihifadhiwe. Ni kweli TikTok wana kitufe cha kuhifadhi, na faili linakaa kwenye picha zako. Lakini linakuja na nembo yao inayoruka kona hadi kona, na mwenye video akifunga ruhusa, kitufe hukioni. Tena mama wa watu hajaomba kuonyeshwa duniani. Nilikataa, na hadi leo Waziri ananisalimu kwa ufupi.

Mpwa wetu, Injenieri, akaleta tovuti zake: unanakili kiungo, unabandika, unapakua. Kwa video ya Facebook iliyo wazi kwa wote, mara nyingi inafanya kazi. Stetasi haina kiungo cha kubandika. Hakukubali kushindwa, akaweka programu ya kupakulia aliyopewa na rafiki, si ya dukani, na simu ya mke wangu ikaanza kufungua matangazo yenyewe usiku wa manane. Nakuomba, msomaji, programu ya namna hiyo usiiruhusu mlangoni.

Niwaambie na hili, kwa sababu linawapoteza wengi. Ukibonyeza "hifadhi" kwenye Facebook, umeweka alama tu. Mwenyewe akiifuta, nawe huna. Ukipakua ndani ya YouTube, video inabaki ndani ya programu yao, huwezi kuitoa ukampa bibi. Tulijifunza maana ya kuwa na faili lako mkononi baada ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake serikali ilikata intaneti, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Waliokuwa na nyimbo na video kwenye kadi za simu waliendelea kutazama. Wengine tulitazamana.

Ndiyo maana usiku ule nilikwenda kwenye folda. Stetasi ya video uliyoitazama hubaki kwa muda ndani ya simu ya Android. Fungua kidhibiti cha mafaili, ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha folda ya .Statuses, yenye nukta mbele. Mama mkubwa alikuwa humo, mzima, na kilemba chake. Nikamnakili kwenye kadi kabla betri haijakata.

Lakini njia inayozishinda zote ni kuomba. Nilimwandikia shemeji, naye akaitafuta video halisi kwenye simu yake akatutumia kama hati, si kama video ya kawaida ambayo WhatsApp huibana hadi sura zinafifia. Ilikuja safi, unahesabu shanga shingoni. Na mwenye mali anajua imekwenda wapi.

Sasa tunazo nakala mbili safi. Prefe hazitaki. Anatazama ile aliyoichukua mwenyewe wakati kamati inabishana, kwa kushika simu ya Neema mbele ya simu ya mke wangu: inatikisika, kidole kimefunika robo ya harusi, mbuzi analia. Ndani yake anasikika akimwita dada yake kwa jina la utotoni na kumwambia acheze taratibu, magoti hayo si ya jana. "Hii ndiyo tuko wote wawili," anasema. Nikakubali, kama kawaida. Nimeagizwa kadi mpya sokoni, ya Prefe peke yake, na wajukuu wamekatazwa kuigusa.