Itakaa, Bosi

Fundi wa gari wa Dar es Salaam akikwambia kifaa kinafaa, mlipe uende zako. Akikwambia "itakaa, bosi", chukua funguo ukimbie. Mimi tofauti ya maneno hayo mawili niliijua baada ya miezi saba, rimu za aina nne na aibu ya ukoo mzima.

Ilianza na dimbwi. Masika yale, njia ya kwetu Kinyerezi ilikuwa na dimbwi nililolipita asubuhi na jioni mpaka tukazoeana. Siku moja, bila kunitaarifu, dimbwi likageuka shimo. IST yangu ikazama mguu wa mbele wa kushoto, ikalia kama sufuria lililodondoka jikoni usiku wa manane. Nikashuka, viatu mkononi, nikakuta rimu imepinda mdomo kama mtu aliyeonja ndimu.

"Hii ya spoti haigongwi," fundi aliniambia kesho yake chini ya mwembe wake. "Ya chuma ningekugongea ikanyooka. Hii ukiipiga nyundo inapasuka." Hapo alisema kweli, na ndiyo maana nilimwamini kwa yaliyofuata. Nikauliza bei ya seti ya rimu nne. Akataja. Nikauliza bei ya rimu moja. Akaingia nyuma ya banda, akatoka anabingirisha rimu ya rangi ya dhahabu iliyovaa tairi lake kabisa.

"Hesabu mwenyewe, matundu manne. Itakaa, bosi."

Ikakaa. Hilo siwezi kumsingizia.

Mlangoni kwa dereva kuna stika imejaa Kijapani, lakini namba hazihitaji mkalimani: 175/65R14. Maana yake tairi lina upana wa milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 14. Lile la dhahabu lilikuwa 185/65R15. Macho hayaoni tofauti kubwa, ila kalamu inaiona: tairi moja lina kipenyo cha milimita 583, la pili 622. Katika kila kilomita, la kulia linazunguka mara 546 na la kushoto mara 512. Difu, iliyowekwa ili gari likate kona bila kugombana na matairi yake, ikawa inakata kona kutoka Kinyerezi mpaka Posta, barabara nyoofu. Usukani nao ukawa unavuta upande kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nilitoka misuli ya mkono mmoja.

Mwezi wa pili nikakanyaga nondo iliyochomoza kwenye kifusi. Safari hii nyuma, kushoto tena. Shemeji yangu akanipa tairi lililokuwa limekalia pipa lake la maji: size ileile ya 14, ila rimu ya chuma, nyeusi, haina hata kapu. Kushoto kwangu kukawa na dhahabu mbele na mkaa nyuma. Kulia zikabaki zile mbili za fedha gari lilizotoka nazo Japani.

Mke wangu ndiye aliyezipa majina. Kulia ni upande wa harusi, kushoto ni upande wa msiba.

Usidhani ni mzaha. Niliyapanga maisha yangu kwa majina hayo. Kazini nilipaki kinyume na wenzangu ili upande wa harusi utazame mlango mkubwa, mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna mtu namkwepa. Kanisani niliwahi misa ya kwanza kwa sababu ya ukuta wa kushoto, siyo kwa sababu ya Mungu, naye analijua hilo. Shida moja haikuwa na dawa: nchi hii tunaendesha kushoto mwa barabara, na mgeni hupandia kushoto. Kila niliyempa lifti alianza na msiba.

Kisha ikaja kelele. Ko, ko, ko, kutoka nyuma, nikipita tuta au nikikata kona. Fundi akaukanyaga mgongo wa gari mara mbili, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Shokamzoba zimekufa." Tukabadilisha. Ko, ko, ko. "Basi ni bushi." Tukabadilisha. Gari likaendelea kubisha hodi.

Hapo ndipo mdogo wangu alipopata mchumba Morogoro, na mimi, mwenye gari pekee katika familia, nikapewa jukumu la kuwapeleka wazee kupeleka posa. Mshenga mbele. Nyuma Baba Mdogo, na Mjomba aliyeendesha lori maisha yake yote na sasa amestaafu, ila masikio hayajastaafu.

Tulipofika Mlandizi Mjomba akasema, "Mwanangu, simama."

"Ni bushi, Mjomba."

"Nimesema simama."

Akashuka, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma kushoto, akashika nati kwa vidole viwili. Kwa vidole viwili, ndugu msomaji, akaizungusha. Akaifungua yote akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na shingo ndefu iliyonyooka na washa bapa, kama kofia ya pama.

"Hii ni nati ya rimu ya spoti. Shingo yake inaingia ndani ya tundu, washa inakandamiza juu. Rimu ya chuma ni nyembamba, tundu lake limechongwa kama faneli, linataka nati yenye mdomo wa koni ikalie pale. Hii haijakalia chochote. Nani kafunga?"

Nilikumbuka ile sauti chini ya mwembe. Sikumtaja.

Tulikwenda polepole mpaka Chalinze, Mjomba akisimamisha gari kila baada ya kilomita kadhaa akakaze. Pale tukapata nati nne za koni, bei ya soda chache. Ko, ko, ko ikafa papo hapo. Nikaanza kupiga hesabu ya shokamzoba na bushi nilizonunua, nikaacha, maana nilikuwa naendesha.

Tulishapita Bwawani, tunaikaribia Mikese, nikaanza hata kupiga mluzi, ndipo ile ya dhahabu ikatoa upepo. Sikuogopa. Nina jeki, nina spana, nina spea chini ya zulia la buti, mpya kabisa, haijaguswa tangu nilipolipokea gari bandarini. Nikafungua nati, nikatoa tairi, nikaleta spea, nikalisogeza kwenye stadi.

Halikuingia.

Nikalizungusha kidogo. Halikuingia. Mshenga akawasha tochi ya simu ingawa ilikuwa saa sita mchana, akainama, akahesabu. Akahesabu tena. Kisha akaninong'oneza, kama daktari anayetoa majibu mabaya: "Hili lina matundu matano."

Gari lina stadi nne. Nilikuwa nimebeba spea ya gari la mtu mwingine kwa miaka mitatu, nikilipa mafuta ya kulisafirisha.

"Labda ukiligeuza upande wa pili," alisema Baba Mdogo. Baba Mdogo ni mwalimu wa hisabati.

Bodaboda ikanipeleka Mikese, suti nyeusi, tai nyekundu, tairi limenikalia mapajani kama mtoto wa kambo. Mziba pancha akalizamisha kwenye karai, akayatazama mapovu, akachomoa msumari na kuziba. Kabla hajanirudishia akapangusa ubavu wa tairi kwa kidole na kunionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai: 0809.

"Wiki ya nane, mwaka 2009," alisema. "Lingekuwa mtoto, braza, lingekuwa sekondari sasa hivi."

Tulifika Morogoro tumechelewa saa mbili na nusu. Mlangoni tukapokelewa na shangazi wa binti, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha maua na sauti ya kusikika mtaa wa pili. Nilijitahidi kupaki. Niliingia, nikatoka, nikaingia tena, lakini uwanja wao una mlango mmoja, na ukiingia tu unawaonyesha wenyeji ubavu wa kushoto. Shangazi akautazama msiba kuanzia dhahabu mpaka mkaa.

"Karibuni wageni," akasema. "Ila mtuambie kwanza, mmekuja na gari moja au mawili?"

Mshenga, ambaye tumemlipa kwa ajili ya ulimi wake, akakosa neno.

Faini ya kuchelewa ikapangwa shilingi 50,000. Wakati ule trafiki alikuwa anatoza 30,000 kwa kosa na unapewa kontroo namba. Kwa wakwe hakuna risiti. Mjomba akalipa bila kunitazama. Posa ilikubaliwa, nashukuru, ila katika majadiliano ya mahari upande wa pili walirudia mara tatu kwamba binti yao hatapanda gari lenye mseto. Lile neno "mseto" likarudi nasi Dar, na mpaka leo ndilo jina langu kwenye kundi la familia.

Wiki iliyofuata nilinunua rimu nne za chuma, inchi 14, zote nyeusi, zote zenye kapu za plastiki nilizozifunga kwa vizuizi vya waya zisiibwe. Nati kumi na sita za koni, nimezikaza mwenyewe, kwa kupishana, kama Mjomba alivyonionyesha. Gari linakwenda njia yake. Napaki popote.

Ile spea ya matundu matano ipo stoo, haijawahi kugusa lami. Anayeihitaji aje, bei tutaelewana. Ila aje na gari lenyewe tuhesabu stadi pamoja, na akitamka "itakaa" simuuzii.