Ndege ya Mtumba na Hewa ya Mukendo

Katika fedheha zote zinazoweza kumpata mtu mzima mwenye akili timamu mbele ya watoto wa shule, madereva wa bodaboda na akina mama waanika dagaa, hakuna inayochoma kwa muda mrefu kama ile ya kuvuta kamba ya kuwashia injini ya ndege mpaka bega linalia, huku injini yenyewe ikijibu kwa kikohozi kimoja na kunyamaza. Fedheha hiyo, iliyotokea Mukendo mjini Musoma na ambayo bado haijapoa kiasi cha kutajwa mezani bila mtu kuangalia pembeni, ndiyo chanzo cha maelezo haya. Na kwa kuwa mwenye ndege amekwisha kusemwa vya kutosha vijiweni, humu ataitwa mnunuzi tu, na kitakachochunguzwa zaidi ni chombo chake.

Ndege nyepesi, kwa maana inayotumika hapa, ni chombo chenye kiunzi cha mabomba ya alumini, mabawa yaliyovikwa kitambaa cha poliesta, injini ndogo, na viti viwili. Sheria za dunia hazikubaliani kuhusu mipaka yake: nchi nyingi za Ulaya kwa miaka mingi ziliweka kikomo cha kilo 450 kwa ndege ya viti viwili inapoanza kuruka, ilhali Marekani, katika kanuni yake ya mwaka 1982, ilikubali kiti kimoja tu na uzito mtupu usiofika kilo 116, kwa hiyo chombo kile kile ni ndege nyepesi upande mmoja wa bahari na upande wa pili ni kitu kingine kabisa. Mkoani Mara hoja ya kilo haikumsumbua mtu. Kilichosumbua ni idadi ya viti, kwa sababu katika mji ambao bodaboda moja hubeba mshikaki wa watu watatu na gunia, ndugu wengi hawakuelewa kwa nini chombo chenye mabawa kishindwe.

Mnunuzi wa mtumba wa kawaida, uwe wa suruali au wa gari, ana desturi zake za ukaguzi: hunusa, huvuta mshono, hupiga teke tairi, kisha hukunja uso ili bei ishuke. Ajabu ni kwamba katika ndege nyepesi desturi ya kuvuta mshono ndiyo ukaguzi wenyewe. Kitambaa cha poliesta huchakaa zaidi kwa kukaa juani kuliko kwa kuruka, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli zake hata rangi ikiwa bado inang'aa, na ndege iliyolazwa nje karibu na ikweta yaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyoruka miaka mingi na kulala bandani. Wakaguzi hutumia kijimizani cha springi chenye sindano, ambayo huchomekwa kwenye kitambaa na kuvutwa kwa nguvu maalumu: kitambaa kikichanika, bawa limekufa, kikistahimili, hubaki tundu dogo lisilodhuru.

Baada ya kitambaa hufuata nyaya za usukani, ambazo jirani zetu wa Bunda, wanaopakana na Serengeti, wana sababu ya kuziheshimu. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya ndege yao aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia, kugongana na tumbusi angani na nyaya zake za usukani kukwama, na akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kwa kuikumbuka habari hiyo mnunuzi alizipapasa nyaya zote, akakaza kila nati, akamulika kila kiungo kwa tochi ya simu, wala hakuona kasoro. Kwa kweli kasoro haikuwepo, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye, kwa kuwa kuaibishwa na chombo kizima ni kuzito kuliko kuaibishwa na kibovu.

Injini iliyomfedhehesha ni Rotax 582, iliyotengenezwa Austria, yenye silinda mbili, kupoozwa kwa maji, na nguvu za farasi 65. Ni injini ya mipigo miwili, maana yake inamaliza kazi zake zote, yaani kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuulipua na kutoa moshi, ndani ya mzunguko mmoja wa krankshafti, wakati injini ya kawaida ya gari huhitaji mizunguko miwili. Haina vali za kupanda na kushuka juu ya silinda, na mara nyingi oili yake huchanganywa ndani ya petroli kwa uwiano wa moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Kitabu cha mtengenezaji kinaonya waziwazi kwamba injini ya namna hii, kwa jinsi ilivyobuniwa, inaweza kuzimika ghafla. Mnunuzi alilisoma onyo hilo kwa hofu kubwa ya kuzimikiwa angani, asitambue kwamba ili injini izimike ni sharti kwanza iwake.

Inafaa kutua kidogo kwenye pampu yake ya petroli, kwa kuwa ni kifaa kinachostahili heshima kuliko wengi wanaokiuza. Haitumii umeme wala mkanda. Kila pistoni inapopanda na kushuka, hewa iliyo chini yake hupanuka na kubanwa, na bomba jembamba la mpira huipeleka pumzi hiyo hadi kwenye utando mdogo ulio ndani ya pampu. Utando unapovutwa huvuta petroli kutoka kwenye tangi, unaposukumwa huisukuma kwenda kwenye kabureta, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika utando huo hupiga mara 100 kwa sekunde bila kulalamika. Kwa sababu hiyo bomba lake ni lazima liwe fupi na gumu, kwani likilainika kwa joto humeza pumzi ile kabla haijafika, na likipata ufa wa unywele injini hufa kwa kiu huku tangi limejaa. Mnunuzi alilikagua bomba hilo kwa mapenzi, akalisifu kwa sauti mbele ya watu, kisha akashika kamba.

Kilichotokea baada ya hapo kinaelezeka kwa kanuni. Kabureta aina ya Bing zilizofungwa kwenye injini hii zina njia ya pembeni inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini iliyopoa, na njia hiyo hufanya kazi pale tu resi, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, inapokuwa imefungwa kabisa. Resi ikifunguliwa, msaada wote hupotea. Watazamaji, ambao hawakuwa wamesoma kitabu, walipaza sauti wakitaka resi iongezwe, ikaongezwa, na injini ikanyamaza. Kisha resi ikafungwa na njia ya petroli ikaachwa wazi muda mrefu kupita kiasi katika joto la mchana, na plagi zikazama. Mzee mmoja mwenye baiskeli alishauri kamba ivutwe kwa hasira, ikavutwa. Kijana mwingine alishauri ndege isukumwe kwenye mteremko ili ishtuke kama gari lenye betri mbovu, wazo lisilo na msingi wowote wa kisayansi, kwa kuwa magurudumu ya ndege hayaungani na injini, lakini ambalo lilijaribiwa, na watu wanane wakaisindikiza ndege ikishuka kimyakimya mpaka kwenye ua wa jirani.

Aliyeiokoa siku hiyo ni fundi wa injini za mitumbwi kutoka Mwigobero, aliyekuwa akipita na kidumu chake cha oili. Injini nyingi zinazosukuma mitumbwi ya uvuvi katika Ziwa Victoria nazo ni za mipigo miwili, na mtu aliyezilea kwa miaka huzijua kwa mlio kabla hajazishika. Alifungua plagi, akazikuta nne kwa silinda mbili, akauliza kwa upole kama mwenye mali aliuziwa za ziada. Akaelezwa kwamba kila silinda ina plagi mbili zinazolishwa na mifumo miwili ya umeme isiyotegemeana, ili mmoja ukifa mwingine uendelee, na kwamba kabla ya kuruka rubani huzima mmoja baada ya mwingine akitazama mzunguko unapungua kiasi gani. Fundi alitikisa kichwa kwa heshima. “Sisi ikifa, mzee, tunapiga kasia,” alisema.

Kisha akazikausha plagi, akafunga njia ya petroli, akavuta kamba, na injini ikawaka. Lakini ilinguruma kwa uzito, ikitoa moshi na kukataa kupanda hadi mzunguko uliotakiwa. Akaizima, akatoa plagi moja, akaitazama. Ilikuwa nyeusi na yenye utelezi, badala ya kuwa kavu na ya hudhurungi.

“Hii ilisetiwa wapi?”

“Pwani.”

“Basi, mzee, injini umeileta, hewa umeiacha huko.”

Kauli hiyo ina usahihi ambao vitabu hutumia kurasa nyingi kuufikia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Musoma uko juu kidogo ya hapo. Kadiri mtu anavyopanda, shinikizo la hewa hupungua, na joto nalo huipanua hewa iliyobaki, hivyo siku ya nyuzi 30 hewa ya Musoma huwa nyepesi kama ile ambayo vipimo vya kawaida vya usafiri wa anga huitarajia karibu mita 1,900. Lita moja ya hewa hiyo ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko hewa ya kipimo cha usawa wa bahari, na hata ikilinganishwa na Pwani yenye joto lile lile upungufu unazidi asilimia 10. Injini huvuta hewa kwa ujazo wala haina habari na uzito, na petroli hupimwa na jeti, yaani kijiparafujo cha shaba chenye tundu lililotobolewa kwa kipimo. Tundu likibaki la Pwani na hewa ikawa ya Mara, petroli huzidi, plagi huchafuka, na farasi 65 walioandikwa kwenye karatasi huelekea 54. Hasara hiyo haiishii kwenye injini, kwani panga boi hushika hewa kidogo, bawa hubebwa na hewa kidogo, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Fundi alibadilisha jeti kwa ndogo, na injini ikapanda bila kusita.

Hapo ndipo kicheko kinapokauka. Sheria ya anga hutaka anayegusa injini ya ndege awe na leseni, na ina haki, kwa kuwa mtumbwi uliozimikiwa huelea na ndege iliyozimikiwa haiwezi. Lakini mhandisi mwenye leseni aliyepatikana ilibidi asafirishwe kutoka mbali, alazwe na alishwe, naye alikuwa amesomea injini za tabini za ndege za abiria, akaitazama kabureta kwa adabu ya mgeni; wakati huo huo ufukwe umejaa watu wanaozijua injini za mipigo miwili kwa mkono na kwa sikio, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangependa kupimwa na kuandikwa. Aliye na cheti hana jeti, aliye na jeti hana cheti, na anayelipa ni mtu wa katikati. Vitabu, matangazo na ada vyote vimesetiwa kwa hewa ya mahali pengine, na kazi ya kupunguza matundu huachiwa anayeishi kwenye mwinuko bila shukrani wala risiti.

Yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu. Upepo wa panga boi uliinua mkeka mzima wa dagaa, na mwenye dagaa akadai nauli yao. Nyigu walijenga ndani ya bomba la kupimia kasi, kwa hiyo kwa kipimo hicho ndege haijawahi kusogea. Mjomba mmoja kutoka Butiama alifika na begi.

Muuzaji, alipopigiwa simu, alijibu kwamba kwake injini iliwaka kwa mvuto mmoja, na hakudanganya. Akaongeza kwamba yuko tayari kuinunua tena kwa nusu ya bei. Tatizo ni kwamba jeti ndogo zilizoiponya Mukendo zikirudi Pwani zitaipa injini petroli pungufu, na injini ya mipigo miwili yenye petroli pungufu hupata joto mpaka pistoni ikayeyuka. Ni lazima kwanza zirudishwe jeti za zamani, ambazo fundi wa Mwigobero alizitia mfukoni kwa ruhusa ya wote waliokuwepo, na ambazo sasa amezitajia bei.