Namna ya Kukokotoa Mtumbwi wa Bumbire Bila Kuuzamisha

Funga daftari kwanza, uende mwaloni. Kemondo au kisiwani Bumbire, Muleba, utakuta mtumbwi umepinduliwa mchangani na mvuvi anakwangua ukoga tumboni mwake. Msalimie kwa heshima zote, maana yuko kazini kwenye tabaka la mpakani, mada inayowatoa jasho wanafunzi wa uhandisi.

Maji yanayogusa ubao hayatelezi. Huganda nao na kwenda nao. Yaliyo mbali kidogo hayana habari na mtumbwi. Kati ya hayo mawili pana tabaka jembamba ambamo kasi hubadilika: ndilo tabaka la mpakani. Ludwig Prandtl aliwaeleza wanahisabati jambo hili mjini Heidelberg mwaka 1904: nje ya tabaka sahau mnato, ndani yake uogope. Milinganyo ya mwendo wa maji iliyokuwa imekwama ikaanza kutatulika.

Sasa shika kalamu. Mtumbwi una mita 8, unakwenda mita 2 kwa sekunde. Zidisha kasi kwa urefu, gawanya kwa mnato wa kinematiki wa maji ya ziwa, takriban 0.0000009 kwa vipimo vya mita na sekunde. Jibu, liitwalo namba ya Reynolds, linafika kama milioni 18.

Hapa ndipo wengi huzama. Fomula ya msuguano ya Blasius ya mwaka 1908 inapendeza, basi wanaikumbatia bila kuiuliza kwao wapi. Kwao ni kwenye mtiririko tulivu! Juu ya ubao bapa, utulivu kwa kawaida huchukuliwa kuwa unakoma namba hiyo ikifika 500,000, yaani sentimita 22 hivi kutoka omo, tabaka likiwa na unene wa milimita 1.6. Kuanzia hapo hadi tezi ni vurugu tupu, na tabaka hunenepa hadi kama sentimita 10. Ukimlazimisha Blasius abebe mtumbwi mzima, msuguano halisi utakuwa karibu mara 8 ya ulioandika, na mpiga kasia atakudai jasho lake.

Kwa hiyo namba ya Reynolds kwanza, aina ya mtiririko pili, fomula mwisho. Hesabu hii ni ya ubao laini, na ya msuguano peke yake; mawimbi yana deni lao. Ukoga huzidisha msuguano, ndiyo maana yule mvuvi anakwangua.

Walimu wa fizikia wa Bukoba na Muleba, wapelekeni vijana mwaloni na futikamba na saa. Maabara hiyo haina ada.