Yah: Ombi la Orodha ya Shule Wanakosoma Watoto Wenu

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

K.K.: Mwenyekiti wa Mtaa, ambaye naye ana mtoto wa kuandikisha na ameomba nisimsahau.

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Majengo, Manispaa ya Sumbawanga, mkulima wa mahindi na maharage, na mzazi wa mtoto aliyetimiza miaka sita, umri ambao sera yenu inataka aanze darasa la kwanza. Naomba ieleweke mapema kwamba silalamiki. Barua ya malalamiko hutiwa kwenye jalada, jalada likatiwa kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati siku zote yuko semina. Hii ni barua ya pongezi, yenye ombi dogo mwishoni.

Tuanze na pongezi. Ada ya shule ya msingi mliifuta tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 mkaendelea hadi kidato cha nne. Tunashukuru kwa dhati. Ada imeondoka kabisa. Imebaki hela ya mlinzi, hela ya uji, hela ya rimu, hela ya mtihani wa kujipima, na soda za kikao cha kujadili hela hizo. Hakuna hata moja inayoitwa ada. Zote ni za hiari, na watoto wa wazazi waliokataa kwa hiari yao husomwa majina mstarini.

Serikali nayo haikukaa mikono mitupu. Inatoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi. 4,000 zinabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinashuka shuleni. Sasa sisi wa Ufipa hesabu hatuziamini mpaka tuzipige kwa mahindi. Msimu wa 2024, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, alinunua kwa shilingi 700 kwa kilo. Kwa bei hiyo mwanangu, mwaka mzima, ni kilo 14 na punje chache. Debe halijai. Zile 6,000 zinazofika kwa mwalimu mkuu ni kilo nane na nusu, mzigo ambao mke wangu huupeleka mashineni kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika simu. Najua mishahara na majengo yana fungu lake, msije mkanijibu kwa hilo. Nazungumzia chaki, karatasi, kitasa cha mlango na mitihani.

Shule inayoendeshwa kwa nusu debe ninyi mnaiita shule ya msingi ya serikali. Sisi mtaani tunaiita Kayumba, na wenye kuipenda zaidi huiita Mtakatifu Kayumba. Mtakatifu huyu hajatangazwa na Roma wala na Dodoma, lakini mkoa huu wenye Wakatoliki wengi hauna msimamizi mwenye waumini wengi kumzidi. Wanaingia kwake kila Januari bila kupungua, na darasani hukaa kwa namna ambayo kiwango chenu cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja kinabaki kuwa somo zuri la kutoa. Kayumba hamkatai mtoto. Hamuulizi baba yake anafanya kazi gani. Na niseme ukweli ambao wauza shule hawapendi kuusikia: mtoto akipata mwalimu pale, anajua kusoma haraka, kwa sababu anasoma lugha anayoijua. Akisoma "kuku" anamwona kuku.

Upande wa pili wa barabara kuna Ingilishi midiamu.

Nilimpeleka mtoto kwenye mojawapo, jina nalihifadhi. Kumbe kuingia darasa la kwanza kuna usaili. Mwalimu akamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Mtoto, aliyefundishwa na bibi yake kwamba mkubwa akikusemesha jambo usilolielewa unaanza kwa heshima, akajibu, "Shikamoo." Akaandikiwa kwamba hajafikia kiwango. Kisha nikasailiwa mimi: mzazi anafanya kazi gani? Nikasema mkulima. Tulifeli wote wawili.

Hata hivyo nilipewa fomu ya mahitaji nikaisome, endapo tungebadilika. Sweta mbili zenye nembo (hapo sina ubishi, baridi ya Juni ya Sumbawanga inaijua kila mtu), suti ya michezo, viatu jozi mbili, rimu, ndoo, fagio, karatasi za chooni kwa idadi iliyonifanya nijiulize wanakula nini, pamoja na hela ya mahafali. Mahafali ya chekechea, Ndugu Kamishna. Mtoto wa miaka mitano anavishwa joho na kofia ya pembe nne, mgeni rasmi anamsihi akawe raia mwema na asisahau alikotoka. Alikotoka ni usingizini. Ameamshwa saa kumi na moja awahi basi.

Tuichukue shule inayotoza milioni moja na laki nne kwa mwaka, ambayo si ya bei mbaya. Kwa bei ile ile ya NFRA, hayo ni magunia 20 ya kilo mia mia. Na ada inadaiwa Januari. Januari huku kwetu mahindi yako magotini, mbolea ya kukuzia inasubiri hela, na gunia la mwaka jana limeshauzwa au limeshaliwa. NFRA hufungua mizani katikati ya mwaka. Wizara mbili za serikali moja zingekubaliana kwamba mwaka wa mkulima unaanza Julai, nusu ya watoto wa Ufipa wasingerudishwa getini.

Ndani ya geti hilo Kiswahili ni kosa. Mtoto akikutwa nacho huvishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amkamate mwenzake akisema "nipishe." Sisi tulichapwa kwa sababu ya Kifipa ili tujue Kiswahili, hawa wanavishwa kibao kwa sababu ya Kiswahili ili wajue Kiingereza. Mama yangu, anayemsemesha mjukuu Kifipa tupu, angevaa vibao viwili na kitambulisho cha wazee katikati.

Unaweza kudhani wazazi wa Majengo tumerogwa kwa kukimbilia huko. Hatujarogwa. Yuko jirani yangu mmoja, mwalimu wa Kayumba, tena mwalimu hasa, ambaye watoto wa darasa la pili wakitoka kwake wanasoma gazeti. Mwanawe anapanda basi la njano kila asubuhi. Nilipomuuliza hakuona haya. Alisema anaamini anachofundisha. Asichokiamini ni kidato cha kwanza.

Hapo ndipo penye jambo, na hapo ndipo ninapowahitaji ninyi. Tangu 1967 shule zetu za msingi zinafundisha kwa Kiswahili. Siku mtoto anapoingia sekondari, fizikia, jiografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza, naye anapewa wiki chache za kuzoea. Anakuta ukuta. Ukuta huo haukujengwa na mwenye shule ya basi la njano, yeye anauza ngazi tu. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta iliwaambia muuvunje, Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali ikakataa. Mwaka 2015 mkazindua Sera ya Elimu ya 2014, ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote, tukapiga makofi. Mkaja na toleo la 2023 la sera ile ile, lililozinduliwa Dodoma Februari 2025, na Kiingereza kikabaki palepale sekondari. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ripoti ya Makwetta ni mzazi sasa, anapanga foleni ya fomu pamoja nami.

Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alikataa shule ya msingi kuwa chumba cha kusubiri sekondari; alitaka iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Leo sera inasema elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Sina ugomvi nayo, ni sera nzuri, na Kiingereza mmekianzisha tangu darasa la kwanza kama somo. Lakini maana yake kwa mzazi ni kwamba kuruka ukuta sasa ni lazima. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 watauparamia pamoja, makundi mawili kwa mkupuo.

Msije mkasema kwamba serikali haina ngazi zake. Inazo. Olympio na Diamond pale Dar es Salaam ni shule za serikali, na Arusha School vilevile, nazo zinafundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo tumeshakubaliana kwamba jambo hili ni zuri na linawezekana, isipokuwa halipendi kusafiri umbali mrefu.

Zamani tulikuwa na msaada mmoja: orodha ya shule kumi bora. Kwa matokeo ya 2022 Baraza la Mitihani likaacha kuitangaza, kwa hoja kwamba hakuna tija katika kushindanisha shule zisizolingana. Hoja ina akili. Matokeo ya shule moja moja bado yanawekwa wazi, mwenye simu na bando ajitafutie. Lakini angalieni kilichotokea mtaani. Ilipokuwapo orodha, shule ya kwanza ilikuwa moja. Sasa zote ni za kwanza. Kuna ya kwanza kimkoa, ya kwanza kikata, ya kwanza kwa nidhamu, ya kwanza kwa maadili ya Kimungu, na moja ambayo bango lake limeandika "ya kwanza" basi, likaishia hapo. Wengine wanafaulisha asilimia mia kwa njia nyepesi: anayeelekea kuharibu wastani anashauriwa ahame kabla ya mtihani, jambo ambalo mmeshalikataza mara nyingi kiasi kwamba katazo lenyewe limekuwa desturi.

Nimekuja kwenye ombi.

Kwa kuwa orodha ya shule bora haipo tena, naiomba Wizara, kwa kushirikiana na TAMISEMI, itangaze orodha nyingine iliyo fupi na rahisi kuikusanya: wale wote wanaotia saini nyaraka za elimu ya msingi, tangu Dodoma hadi afisa elimu kata, watoto wao wanasoma shule za aina gani? Sihitaji jina la mtoto wala la shule. Nahitaji safu mbili tu. Ya kwanza: Kayumba au mchepuo wa Kiingereza. Ya pili: anakwenda kwa miguu au kwa basi. Hakuna mkaguzi, hakuna wastani wa ufaulu, hakuna bango litakalomsaidia mzazi wa Majengo kuliko ukurasa huo mmoja. Mpishi akiagiza chakula hoteli ya jirani, mteja haulizi tena menyu.

Watu wa Dar es Salaam wanaamini sisi wa Sumbawanga tunajua kila kitu kwa kutazama maji kwenye beseni. Ingekuwa kweli nisingepoteza karatasi kuwaandikia. Ningeshawaona watoto wenu, sare zao, na hata walichofungiwa kwenye kontena la chakula. Beseni letu linaonyesha maji tu. Ndiyo maana tunaomba kwa maandishi.

Orodha ikionyesha kwamba watoto wenu wengi wako Kayumba, nitamwandikisha wangu kesho yake asubuhi, nitabeba na dawati kichwani, na kila mwenye bango la "ya kwanza" nitamwambia anipishe. Ikionyesha vinginevyo, basi mtakuwa mmeshajijibu wenyewe swali lililoulizwa na Makwetta, na kazi iliyobaki ni moja kati ya mbili: kipandisheni Kiswahili hadi kidato cha kwanza, au leteni Olympio Majengo, bila magunia 20. Mkishindwa kuchagua, msituite sisi wazazi "wadau" kwenye hotuba. Mdau ana hisa. Sisi tuna risiti.

Uandikishaji wa darasa la kwanza hufunguliwa Oktoba. Naomba jibu lifike kabla ya hapo. Likichelewa, mtoto ataandikishwa Kayumba, kwa sababu ndiyo shule pekee mjini hapa ambayo "shikamoo" bado ni jibu sahihi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi,
Majengo, Sumbawanga.