Niacheni Nife Kidogo

Mtu akikwambia yoga inaleta utulivu, muulize anaishi wapi. Muyeye yetu hapa Malindi hakai huyo.

Mgongo ndio ulioniponza. Tuktuk hii na njia zetu, yaani unakwepa shimo unaangukia kwa ndugu yake. Kijana mmoja anayefundisha wageni yoga huko Casuarina aliniona nikishuka kwa awamu, mguu kwanza, halafu kiuno, halafu aibu. Akaniambia, "Mzee, fanya yoga kila asubuhi. Siri ni kutokatiza." Basi nikakubali. Kwanza ilikuwa Juni, kusi inavuma, hoteli nyingi zimefunga, Waitaliano wamerudi kwao, abiria wangu mmoja na huyo ni wa mkopo. Tena Umoja wa Mataifa tangu 2014 ulishaitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Mimi na Umoja wa Mataifa hatujawahi kuhusiana kwa lolote. Nikaona nisiwaangushe.

Ile mikeka laini ya wageni sina. Nikachukua wa ukindu, wa mke wangu, ule wa kukaribishia watu. Uani hakuna nafasi, kuna jiko la mahamri, nikatandika mbele ya nyumba. Kumekucha kidogo tu. Vidio ya yoga ninayoifuata inasema elekea mashariki, lisalimu jua. Mashariki yetu ni baharini. Nikanyoosha mikono juu, nikainama, nikashuka mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"We bwana! Kibla ni kule!"

Mzee jirani, anatoka msikitini. Na ni kweli, Makka kutoka Malindi iko kaskazini moja kwa moja, hata mtoto wa chuo anajua. Nikamwambia, mzee, sisali, nafanya mazoezi. Hapo ndipo nilipoharibu. Anayekosea kibla anaelekezwa, lakini anayeliinamia jua kwa makusudi anafanywaje? Akatamka astaghfirullah, akaenda zake akitikisa kichwa. Kufika saa moja, mtaa mzima una habari. Upande wa kanisani nikasikia naombewa. Jamaa wa stendi wakasema nimejiunga na kitu, karibuni nitatajirika. Hao kidogo walinipa moyo.

Na uso wenyewe! Ukindu umenichapa mistari kuanzia paji hadi kidevu, nimekaa kama chapati iliyosahauliwa juu ya wavu. Abiria akaniuliza nimepigana na nani.

Sasa ngoja nikwambie habari ya fokasi. Ticha wa vidio anasema sikiliza pumzi yako. Nasikiliza. Ndani ya pumzi kuna iliki. Mke wangu anakaanga mahamri ya kuuza, mbaazi za nazi zinatokota pembeni. Kuivuta pumzi naivuta vizuri sana. Kuitoa ndio sitaki. Kuna mzee wa Kihindi wa kale, Patanjali, aliandika vizuizi tisa vya mwanayoga, na humo mna ugonjwa, shaka, uzembe, uvivu, tamaa. Niliposomewa uvivu nikajua ananifahamu. Kwenye tamaa nikatazama jikoni.

Lakini kuku hakuwataja. Ukikaa ule mkao wa mbwa, makalio juu, mikono chini, kuku wa Muyeye anaona umemjengea kivuli. Anapita chini yako na vifaranga vyake, kimoja kimoja, na kushuka huwezi mpaka msafara uishe. Mikono inatetemeka, jasho linaingia machoni, mama mtu amesimama anadonoa ukucha wa kidole gumba changu. Dirishani sauti ya mke wangu: "Usinikanyagie vifaranga!" Pole hakuna.

Yule kijana akanitia moyo kwa habari za Iyengar, Mhindi aliyezaliwa 1918, utotoni mgonjwa mgonjwa, akashikilia yoga mpaka akafa 2014 na miaka yake 95. Ati ndiye aliyezoesha watu kutumia mikanda na vipande vya mbao pale mwili usipofika. Nikafurahi. Mkanda ninao. Nikauvua kiunoni, nikauzungushia nyayo, nikavuta, nikasimama kunyoosha. Suruali ikabaki haina mlinzi. Na bodaboda siku hiyo walipita wengi, sijui waliitwa na nani.

Mkao unaoniamsha kitandani ni mmoja tu, wa maiti. Unalala chali, macho umefumba, huambiwi ufanye kitu. Wenyewe wanaufanya mwisho. Mimi naanza nao, na mara nyingi tunamalizana hapo hapo. Juzi nimetulia hivyo, nikasikia ndara zinakuja, zikasimama kichwani pangu. Mama wa kiosk. Nikabana pumzi.

"Baba, hata maiti hulipiwa deni ndipo azikwe."

Nikafungua jicho moja. Ana daftari, tena limefunguliwa kwenye ukurasa wangu.

"Unga, sukari, sabuni. Ama niondoke na huu mkeka?"

Nikamwambia chukua. Nilijibu upesi mpaka mwenyewe akashtuka.