Tumechangamkia Fursa, Mheshimiwa: Sasa Tufanye Nini?

Kilambo, Mtwara

Kwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais (Maendeleo ya Vijana),
Dodoma.

YAH: TAARIFA YA UTEKELEZAJI WA AGIZO LA KUCHANGAMKIA FURSA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pongezi. Ofisi yako ilipoundwa Novemba 2025, vijana wa Kilambo tulifurahi mara mbili: kwanza kwa kupata ofisi yetu chini ya Rais mwenyewe, pili kwa kuwa aliyekabidhiwa ni mbunge wa Mtwara Mjini, mtu asiyehitaji kuelekezwa Kilambo ni wapi. Wakubwa wengine tuliowahi kuwaandikia walidhani tumekosea kuandika Kalambo, barua zikaishia Rukwa.

Mheshimiwa, kila msafara unaofika huku hutuachia agizo lile lile: vijana, acheni kukaa vijiweni, changamkieni fursa. Agizo tumelipokea na tumelitekeleza. Kijiwe chetu chenyewe tumekihamishia kando ya barabara iendayo kivukoni ili kila fursa ikipita tuione vizuri.

Tuanze na mto. Ruvuma ndiyo fursa yetu ya kuzaliwa nayo. Ng'ambo ni Namoto, Msumbiji, na wanaoishi huko ni Wamakonde wenzetu; tuna wakwe huko, tuna makaburi huko. Sabuni, mafuta ya kula na mitumba huenda, samaki wakavu hurudi. Serikali ikatuletea kivuko, MV Kilambo. Ni kivuko chenye adabu, hakitembei bila idhini ya bahari: maji yakijaa kinavuka, yakipwa kinangoja pamoja na abiria wake. Na daraja hatukunyimwa. Daraja la Umoja, ndoto ya Mwalimu Nyerere na Samora Machel, lilifunguliwa Mei 2010 na marais Kikwete na Guebuza, mita 720 za zege safi. Liko Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, huko juu kabisa. Mwenye tenga la samaki wakavu anayetaka kulitumia kutoka kwetu tunamshauri aondoke mapema, ikiwezekana mwaka uliopita. Tuliobaki tunavuka kwa mtumbwi, ambako mamba na viboko ni wadau wenzetu wa sekta ya uchukuzi.

Hapa kejeli naiweka pembeni kidogo. Oktoba 2017 vita vilianza ng'ambo, Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Oktoba 2020 vikavuka mto hadi Kitaya, kijiji cha jirani zetu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 Palma ikashambuliwa na mradi mkubwa wa gesi pale Afungi ukasimama. Biashara ya mpakani, ambayo hakuna semina iliyotufundisha na hakuna mkopo ulioianzisha, ikafa mikononi mwetu. Waliokuwa na mtaji wa mzigo mmoja waliula mtaji. Askari wamelinda mpaka, na kwa hilo tunashukuru kwa dhati. Baadaye akaja mwezeshaji wa ujasiriamali na projekta yake, akatuasa tufikirie masoko ya nje. Mzee mmoja akamwonyesha kwa kidole soko la nje lilipo. Lilikuwa linaonekana vizuri tu, maana siku hiyo hakukuwa na ukungu.

Gesi sitaichelewesha, yenyewe haikuchelewa. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa. Mwaka 2013 baadhi ya watu wa Mtwara waliuliza itawafaa nini kabla haijaondoka, na vurugu za Mei ya mwaka ule hakuna mtu wa hapa aliyezisahau. Mwaka 2015 bomba lilikuwa tayari: gesi husafishwa Madimba, kisha hiyoo, Dar es Salaam. Ndiye mzaliwa pekee wa huku aliyepata ajira ya kudumu mjini bila kubebwa na mjomba. Wenzetu walioambiwa wasomee ufundi kwa ajili yake walisoma. Wale wa uchomeleaji leo wanachomelea mageti na madirisha, na mageti yao ni mazuri sana.

Upande wa bahari nako tumepangiwa vizuri. Tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Waliokuwa wakivua kwa baruti walitumalizia matumbawe, hilo halina ubishi, na hifadhi ilihitajika. Ila kasa, mikoko na matumbawe sasa wana ofisi, wana boti, wana askari, wana hata mpango wa jumla wa usimamizi. Hatuna wivu. Tunaulizia tu utaratibu wa kijana wa Kilambo kuandikishwa kama kiumbe aliye hatarini kutoweka.

Sasa korosho, na hapa naomba uvute kiti.

Makao makuu ya Bodi ya Korosho yako Mtwara. Watafiti wa korosho wako Naliendele. Mikorosho iko kila uendako. Miaka ya 1970 Serikali ilikopa Benki ya Dunia ikajenga viwanda vya kubangulia, vikafika 12 nchini. Vingi vikafa, vingine vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zile zile ambazo vilijengwa kuzibangua. Tangu hapo sehemu kubwa ya korosho yetu hupanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Huko kuna mashine, na kuna vijana na kina mama wanaolipwa kuivua ganda na ngozi, kuichambua nzima na vipande, na kuitia kwenye makasha. Hesabu yake haihitaji mchumi. Ukisafirisha korosho ghafi umesafirisha na kazi ya mtu, kisha unarudi kumuuliza mtu huyo huyo kwa nini hana kazi. Mabibo nayo hubaki chini ya mti. Mengine huwa pombe ya uraka, na kijana anayeutengeneza, ambaye kwa kweli ndiye kiwanda pekee cha kusindika matunda tulicho nacho, hukimbizwa na mgambo.

Wapo waliochangamkia fursa ya kununua wenyewe. Mkulima amebanwa na mahitaji ya shule mwezi wa nane, kijana ana laki moja, wanakubaliana kwa bakuli kabla ya msimu. Hiyo ndiyo kangomba, nayo ni haramu, na ni kweli humnyonya mkulima. Mwaka 2018 jeshi lilipokuja kukusanya korosho kwa bei ya Sh 3,300 kwa kilo, watu walihakikiwa mashamba yao, na wa kangomba wakabainika kuwa na magunia bila mkorosho hata mmoja. Walikuwa wametimiza kila alichosema mwezeshaji: wameona pengo, wameweka mtaji, wamethubutu. Mwezeshaji hakufika kuwatolea ushahidi.

Basi sisi tukaamua kwenda kwa njia ya halali. Tuko watano. Sheria, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na hili nalo naliandika bila kejeli. Tukaunda kikundi cha kubangua korosho. Tukachagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Wajumbe wawili waliobaki bila cheo wakaanza siku hiyo hiyo kudai uchaguzi mpya. Tukaandika katiba, tukaandika muhtasari wa kikao, tukapata barua ya mtendaji, tukafungua akaunti na kuiwekea fedha ili ionekane ina fedha, kisha tukakopa nauli kwa sababu fedha iko kwenye akaunti.

Ikabaki andiko la mradi. Steshenari moja mjini ina andiko moja kwenye kompyuta, zuri, la kufuga kuku, na kila kikundi huuziwa hilo kwa kubadilishiwa majina. Jamaa alibadili neno "kuku" kuwa "korosho" kwa kubonyeza mara moja, akatuchapishia kurasa zote na jalada la plastiki juu. Tulisoma tukiwa tumeshalipa. Kikundi chetu, andiko lilisema, kitaanza na korosho 500 za kienyeji, zitakazopewa chanjo ya kideri zikiwa na umri wa siku saba. Korosho zitatenganishwa na majogoo mapema. Tunatarajia kuanza kuokota mayai mwezi wa sita, na soko la uhakika lipo Kahama.

Tulilipeleka hivyo hivyo, kwa kuwa nauli ya kurudia haikuwepo. Ofisi iliyolipokea sitaitaja. Ililirudisha baada ya wiki kadhaa. Chanjo ya korosho haikumshtua mtu. Kilichotukwamisha ni muhuri wa kijiji uliofifia upande mmoja.

Tukiwa kwenye foleni ya muhuri, Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na nyingine zimekwenda kwa vikundi hewa. Habari hiyo ilitusumbua sana, Mheshimiwa. Vikundi visivyo na watu vilipewa mkopo. Sisi wenye miili, katiba na jalada la plastiki tulirudishwa. Kwenye kikao kilichofuata mhazini alitoa hoja kwamba na sisi tuwe hewa. Hoja ilikosa kura moja tu. Mikopo ilirejea mwaka 2024, na sisi tumerejea kwenye foleni.

Utauliza kwa nini hatuombi ajira rasmi. Tunaomba, kupitia mtandao, kama inavyotakiwa. Ila tukisogea mtoni kutafuta mawimbi, simu hutukaribisha Msumbiji. Mfumo wa ajira nao hutaka namba ya NIDA, na Mmakonde wa mpakani akienda kuitafuta huulizwa babu yake alizaliwa ng'ambo ipi, swali ambalo babu mwenyewe hakuwahi kuulizwa na mto. Kenya iliwatambua Wamakonde wake mwaka 2016 kuwa kabila la 43, baada ya wao kutembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Kwetu Dodoma ni mbali zaidi, ndiyo maana nimeanza na barua.

Mheshimiwa, maombi yetu si ya kutisha. Msitume mwezeshaji mwingine. Tuwezesheni kwa mashine ya kubangulia na umeme wa kuiendesha, hata kama itabidi semina mbili tatu zifutwe. Mkopo ukitoka, utoke kabla ya msimu wa kupuliza salfa, maana mkopo wa korosho unaotoka mwezi wa kwanza ni mchango wa msiba. Mlango wa kivukoni uchangamshwe kwa kivuko cha uhakika, na wenye kuvuka na matenga yao wahesabiwe wafanyabiashara kama wale wa malori. Na maghala yaliyokuwa viwanda yarudishiwe kazi yake ya kwanza.

Tunaomba majibu mapema. Mwenyekiti wetu anatimiza miaka 36 mwezi wa nane. Kwa Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni wa miaka 15 hadi 35, hivyo kuanzia siku hiyo atakuwa nje ya ofisi yako, na barua hii itabidi tuichape upya kwa kubadili anuani. Steshenari wametuhakikishia kuwa ni kubonyeza mara moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wenzake wanne walio hai na wanaohakikika.