Chokaa ya Kuku, Chokaa ya Ukuta

Mtu mwenye kuku 150 wa mayai hahitaji saa ya kumwamsha. Alfajiri wanamwita wao, wala si kwa mapenzi, wanadai chakula. Kila kuku anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo wangu wanateketeza kilo 18. Gunia la kilo 50 la dukani huisha kabla jua la siku ya tatu halijazama, na kila nikifungua jipya nahisi kama nalipia karo ya watoto 150 wasiofaulu.

Jioni moja nikachukua daftari la mwanangu nikapiga hesabu. Kushoto, bei ya chakula cha dukani. Kulia, mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi na premiksi ya vitamini na madini. Kulia kukashinda kwa mbali. Nikamwita mke wangu aone tulivyokuwa tunaliwa mchana kweupe.

Akaitazama karatasi juu hadi chini. "Baba watoto, nauli umeiandika wapi?"

Nikamwambia biashara haitaki woga.

Jumamosi nikaingia mjini. Mahindi yako huku, mashudu kule, dagaa soko jingine, na mashine ya kuparaza ng'ambo ya barabara kuu. Nauli ya kwanza ya bodaboda niliiandika. Ya pili niliiandika kwa herufi ndogo. Ya tatu sikuiandika.

Dagaa nao walikuwa na siri yao. Kilo 10 zilijaa vizuri kwenye mfuko, mpaka nilipofika nyumbani nikatia konzi moja kwenye bakuli la maji. Dagaa wakaelea, mchanga ukatulia chini, mweupe, safi, wa kujengea. Wengi huanikwa chini ufukoni, na mimi nilikuwa nimenunua kipande cha ufuko kwa bei ya samaki. Usiku huo paka wa mtaa mzima walifanya mkutano mlangoni mwa stoo, na ajenda ilikuwa moja.

Ikabaki chokaa. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, hivyo katika kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai huingia kama kilo 8. Duka la pembejeo lilikuwa limefungwa. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa wazi, lina mfuko wa kilo 20, na bei yake ilinichekea. Chokaa ni chokaa, nikajiambia.

Jumapili nikamwaga kila kitu kwenye sakafu ya saruji nikashika koleo. Nilikuwa nimeambiwa premiksi na chumvi vichanganywe kwanza na pumba kidogo, ndipo viingizwe kwenye rundo kubwa, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi ya wenzake wote. Hilo nililitii kama mwanafunzi bora. Nikageuza rundo mara tatu. Vumbi likanipanda puani, macho yakaniwaka, viganja vikaanza kuchonyota. Nikadhani ndiyo jasho la mjasiriamali.

Kuku wakaja mbio. Wakadonoa mara moja, wakatikisa vichwa, wakafuta midomo kwenye maranda, kisha wakajipanga kunitazama.

Bibi jirani, mfugaji wa miaka mingi, alikuwa akichungulia juu ya ua. Akaomba konzi ya chakula hicho, akakisugua kwa vidole, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu, chokaa hii ni ya kupaka nyumba. Inaunguza. Unataka watage, au unataka wapakwe rangi?"

Rundo lote tukalifukia. Magharibi ile bodaboda ikaleta gunia la dukani, na safari hii nauli niliiandika kwa herufi kubwa. Lakini kuku hasahau haraka: waliokuwa wakinipa trei nne kwa siku walinipa mbili wiki nzima, na trei mbili zilizokosekana kila siku hazikuwa kwenye daftari, si kushoto wala kulia.

Bibi mwenyewe anachanganya, na anapata faida. Ana kuku wengi kuliko mimi, hununua mahindi wakati wa mavuno, ana stoo kavu isiyoingiza ukungu, na kila mzigo wa dagaa huupima kwa maji kabla ya kulipa. Mimi nilihesabu bei za vitu, nikasahau kumhesabu mchanganyaji. Siku hizi nanunua konsentreti, yaani protini, madini na vitamini vilivyokwisha kuchanganywa, naongeza mahindi na pumba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na koleo nimelirudisha shambani.

Kilo 12 za chokaa zilizobaki hazikupotea. Tuliikoroga kwenye ndoo, tukapaka banda ndani na nje, sasa linang'aa kuliko nyumba yetu. Wageni wakilisifu na kuuliza fundi ni nani, mke wangu huninyooshea kidole: "Huyu hapa. Mtaalamu wa chakula cha kuku."